Jiko Linalomtuliza Hemedi

Sheria inasema mgonjwa wa utumbo ataishi penye jiko linalomtuliza, na vyoo ndivyo vinavyotoa taarifa.

"Hongera, Hemedi," choo kilisema asubuhi. "Bakteria wako wanatengeneza asidi nzuri. Uvimbe umeshuka, damu hakuna."

Mkewe, Mwanakombo, akaacha kukuna nazi. Bakteria hutengeneza asidi ile wakipata kunde na mboga za majani. Hapa nyumbani Hemedi hagusi ila uji mweupe, tena kwa kulalamika.

"Umekula wapi kunde?"

"Kunde gani, mke wangu? Dawa zimenikubali tu."

"Dawa unazozimwaga kwenye sinki?"

Hemedi akacheka sana, kwa jambo lisilochekesha. Mwanakombo akayatazama mashavu yake. Mtu wa uji hanenepi hivyo.

Hemedi alipotoka pale, Mwanakombo akaingia chooni, akajifungia. Vyoo vya mtaa huambiana kila kitu.

"Hebu niambie," akanong'ona, "hao bakteria wanafanana na wa nyumba gani?"

"Ya Bi Saumu. Wanaokula sahani moja hugawana bakteria."

Saumu! Yule aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akaonja uji, akasema umepoa.

"Basi yaishie hapa. Usimwambie mtu."

"Nilikuwa nangoja mtu wa nyumbani aulize," choo kikajibu kwa upole. "Umeuliza, na sasa jiko lake limethibitishwa, na zahanati imeshaarifiwa. Mgonjwa ahame leo."

Mwanakombo akafungua mlango mbio amwahi mumewe.

Hemedi alikuwa amesimama ukumbini na sanduku lake, limeshafungwa mikanda.