Nusu Kichwa

Simu yangu ililia nikiwa katikati ya kumsuka mwalimu, vidole vimejaa jeli, mwanangu amelala mgongoni.

"Nisomee tu, mwalimu. Watakuwa wale wa hongera umeshinda gari."

Akasoma kimyakimya kwanza, kisha kwa sauti: "Ubalozi umepanga tarehe ya mahojiano yako ya viza ya mwenzi."

Tangu mume wangu asafiri, mimba ikiwa changa, nimeusubiri ujumbe huo hata ndotoni. Nilidhani nitapiga vigelegele. Badala yake niliduwaa nikitazama vidole vyangu vikiendelea kusuka vyenyewe, mstari ukinyooka kuliko yote niliyosuka asubuhi ile, kama vile vinaongozwa na mtu mwingine.

"Mpigie mumeo," mwalimu alisema. "Ila usinikimbie, mama. Nusu kichwa nitakwenda nacho wapi?"

Akampigia yeye mwenyewe, akaniwekea simu sikioni.

"Haloo?" alisema mume wangu.

Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Mgongoni mtoto alijigeuza, akashusha pumzi.

Mume wangu akasema polepole, "Wamekuita."