Kifuniko cha Wenzo wa Mafuta

Fundi Shomvi alikaza skrubu ya mwisho, akakijaribu kifuniko cha wenzo wa mafuta ndani ya helikopta iliyobaki. Sasa rubani hangeweza kukata mafuta angani akidhani anavuta wenzo wa hewa ya joto. Nyenzo hizo mbili zilikaa bega kwa bega, zote nyeusi. Kaka yake, rubani Habili, aliwahi kufunga kitambaa kwenye ule wa mafuta. Meneja akaamuru kiondolewe siku ya ukaguzi, eti uchafu. Wiki iliyofuata moja ya helikopta mbili za kampuni ilianguka naye, ikateketea.

Meneja alimletea daftari la matengenezo.

"Andika umefunga vifuniko helikopta zote mbili, tarehe tano, kabla ya ajali."

"Leo ishirini na mbili, mkuu. Na ile imeungua."

"Ndiyo maana hakuna atakayekwenda kuangalia."

"Kwa hiyo Habili alikosea mwenyewe?"

"Marehemu hafukuzwi kazi, Shomvi. Wewe una watoto."

Shomvi akaandika: helikopta moja, tarehe 22. Aliikandamiza kalamu kwa nguvu zake zote.

Meneja alisoma, akauchana ukurasa polepole, akautia mfukoni. Kisha akamrudishia daftari. Kwenye ukurasa mpya, ambao wino haujaugusa, tarakimu mbili zilionekana zimebonyea: 22.