Neno la Nyumba

Tangu sauti za watu zianze kuibwa mitandaoni, sheria ni moja: apigaye simu bila neno la nyumba si ndugu yako. Bi Mwanahawa hubadilisha la kwake kila Ijumaa baada ya pilau, kwa kuwanong'oneza walioketi kula, simu zote zikiwa zimefunikwa kwenye sufuria.

Jumatatu, sauti ya mwanawe Sefu ililia simuni. "Mama, nimepata ajali!"

"Neno?"

"Karafuu, mama!"

"La zamani hilo, mwizi wee!" Akakata.

Majirani walimpigia vigelegele. Haibiwi, yule mama! Akaingia jikoni kifua mbele, akapakua chakula cha jioni. Aliposhika sahani ya Sefu, akakumbuka. Ijumaa sahani hiyo haikutoka kabatini. Sefu alikuwa safarini.