Rukia wa Ukutani

Enzi hizo kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake ukutani, na kila alfajiri ukurasa ulijipangia yaliyomo upya. Jina lisiloongezewa habari mpya lilidondoka, na mwenyewe akahesabiwa hakuzaliwa. Mwantumu alikwisha kumaliza yote aliyoyajua ya marehemu bintiye, Rukia: surua, uji wa ulezi, kuogopa bata.

"Andika alikuwa akiimba kaswida," alimwambia mumewe.

"Mama Rukia, mtoto kafa hajasema hata 'baba'!"

"Andika, we mwanamume! Unataka adondoke?"

Akaandika. Alfajiri yaliyomo yakatokea: Rukia na Kaswida, Rukia na Sauti Yake. Bata na uji vilikwisha kusukumwa nje kupisha uongo. Mwantumu akasoma, akageuka polepole.

"Baba Rukia," akauliza, "huyu mtoto ni wa nani?"