Miche ya Mwalimu Mbayo

Kilo tano za chumvi ziliyeyuka kwenye ndoo mbili. Hénoch alimwagilia mche mmoja baada ya mwingine bila haraka. Ilikuwa Jumapili, na ibada ya Wamethodisti hapo Kamina haiishi kabla ya saa sita. Mbayo, mwenye miche, alikuwa kwenye kwaya.

Miche ilizidi mia mbili, yote miti ya porini ambayo Mbayo alikuwa akiiotesha kwa miaka minne. Wote wawili walifundisha biolojia shule moja. Hénoch hakuona huruma. Yeye alikuwa amepoteza miaka kumi na miwili: ya kukusanya mimea, kuikausha, kuibandika kwenye karatasi na kuandika jina la kila mmoja.

Mwezi uliopita alikwenda Luena kutafuta ua ambalo huchanua majuma mawili tu kwa mwaka. Mkewe, Noémie, alikuwa mgonjwa wa figo, mwaka wa pili huo. Alimwahidi angerudi baada ya siku tatu. Ua lilichelewa, akalingoja. Alirudi siku ya kumi na moja, ua mkononi, akakuta rafu zake za mimea tupu.

Majirani walimweleza kwamba Noémie alizidiwa siku ya tano. Mbayo ndiye aliyemfikisha hospitali kwa pikipiki, akamrudisha nyumbani, kisha akawa anamletea bukari, ugali wa kwao, kila jioni. Katika yote hayo Hénoch alisikia jambo moja tu: Mbayo alikuwa ameingia nyumbani mwake. Na mwaka jana Mbayo huyo aliomba jina lake nalo liandikwe kwenye mkusanyiko uliokuwa bado unaandaliwa kupelekwa Lubumbashi. Hénoch akamkatalia mbele ya walimu wote.

Alipomwambia mkewe kwamba mwizi ni Mbayo, Noémie aligeukia ukuta.

Ndoo ya pili ilipokwisha, Hénoch alirudi nyumbani moyo mwepesi. Aliketi kando ya kitanda, akamsimulia mkewe alichofanya, kuanzia chumvi hadi mche wa mwisho.

Noémie alisikiliza mpaka akamaliza.

"Mbayo hakuiba kitu," alisema. "Miye njo nilichoma ile makaratasi yako. Yote, mu mbabula."

Hénoch alitazama mikono ya mkewe iliyokonda juu ya shuka. Alimwona akilini, peke yake, anatetemeka, anatafuta kitu chochote cha kuwasha jiko la makaa apate maji ya moto. Alimwomba msamaha kwa siku zile zote, akaapa hatakwenda tena porini.

"Makala ya jiko ilikuishia," alisema kwa sauti ndogo.

"Apana," Noémie alijibu. "Gunia ya makala ilikuwa yenye kujaa."