Doti ya Korosho Nyekundu

Mwahija alikuwa akisugua grisi kwenye chumba cha injini cha jahazi la marehemu mumewe. Tambara lake lilikuwa kipande kimoja cha doti ya kanga yenye maua ya korosho nyekundu, kilichobaki peke yake. Kipande cha pili, alikuwa na hakika, mumewe alimpa mwanamke mmoja wa kule Sudi. Hakumuuliza. Aliweka fundo moyoni, akamnunia mpaka akazikwa.

Uchafu ulipotoka chini ya tangi la dizeli, zikaonekana korosho nyekundu zilezile. Kipande kile kilikuwa kimezungushwa kwenye paipu iliyopasuka, kikakazwa kwa waya.

"Kikate tu, mama," fundi aliita kutoka juu. "Nimeleta paipu mpya."

Mwahija alilitazama tambara mkononi mwake, jeusi tititi.

"Ningoje kwanza, baba," alisema, akaanza kulifuta kwa gauni lake.