Saa ya Mkanda Mwekundu

Fundi aliifungua ile saa mgongo, akaweka lenzi jichoni, na hasira zikampanda kwa sababu ndani hamkuwa na kitu. Betri, koili ndogo na magurudumu matatu ya plastiki. Basi.

"Ndiyo hii inayotumaliza?" alimwuliza kaka yake.

Kaka yake, meneja wa mauzo, hata hakuketi. Alikuwa ameivaa moja, mkanda wake mwekundu ukichungulia chini ya mkono wa shati. "Ndiyo hiyo. Na acha kuidharau. Mdharau mwiba mguu huota tende."

Kiwanda kilikuwa chao wawili tangu baba yao afariki, mwaka uliopita. Kwa miaka thelathini kilijulikana kwa saa moja: ya kutia ufunguo, uso mweupe, tarakimu kubwa ambazo hata bibi asiye na miwani angezisoma. Baba aliichora mwenyewe kwenye meza ileile ambayo sasa bintiye alikuwa ameiinamia. Haikununuliwa kwa kugombaniwa. Ilitoka tu, kidogo kidogo, kama maji ya kisima.

Halafu washindani wakaleta mkanda mwekundu.

Ofisa wa masoko, ambaye wote walimwita Bwana Matangazo, alipita kila siku mbele ya duka la saa pale mjini kuhesabu zilizobaki dirishani. Kila Ijumaa alibandika ukutani karatasi yenye mstari unaopanda.

"Wiki ya kwanza, nne," alisema kikaoni. "Ya pili, tisa. Wiki hii kumi na nne, na Alhamisi dirisha lilikuwa tupu. Zetu? Tatu."

"Nani anazinunua?" fundi aliuliza.

"Soko."

"Soko lina sura gani? Vijana? Akina mama? Mbona sijaona mtu hata mmoja barabarani ameivaa?"

"Kwani wewe, dada, barabarani unatoka lini?" kaka yake alisema, na wote wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Chini ya kucha zake mlikuwa na mafuta ya tangu asubuhi.

Aliomba miezi miwili. Angepunguza unene wa saa ya baba, angeipa mkanda mpya, wangetangaza redioni. Bwana Matangazo alirudia neno lake la tangu wiki ya kwanza: adui hashindwi kabla hajajulikana. Kwa hiyo karakana ikazidi kupewa mikanda myekundu ya kupasua, na fundi alipovunja kioo ikabidi aende mwenyewe dukani kutafuta nyingine. Wachoraji wakataka ya kwao. Washona mikanda nao wakataka ya kwao, kwa sababu wachoraji hawaazimi kitu kikarudi kizima. Mawakala wa mikoani kila mmoja akapelekewa yake, aikariri.

Mstari ukutani ukazidi kupanda, mpaka Bwana Matangazo akalazimika kuunganisha karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Tunaiacha ya baba," kaka yake alitangaza. "Tutatoa kama yao, mkanda wa bluu."

"Baba angesema tungoje."

"Baba hayupo!" Sauti yake iligonga kuta, kisha ikashuka. "Unadhani mimi nalala? Niliachiwa kiwanda nisikifunge. Wewe unalilia chuma, dada yangu. Mimi nina watu arobaini wanaonitazama usoni kila asubuhi."

Fundi aliinua kichwa. Alilitazama aproni la baba, ambalo bado lilikuwa limening'inia msumarini nyuma ya mlango.

Jumatatu wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mtaimbo. Mashine ya kuchonga magurudumu, ambayo baba aliipaka mafuta kila siku kabla hajanywa chai, ilihitaji watu wanane kuipandisha garini. Palibaki matundu manne sakafuni, meusi kwa mafuta ya miaka thelathini. Fundi alisimama juu yake mpaka mlio wa gari ukapotea.

Kisha akachukua mkoba wake, akaenda mjini. Alikuwa ameshindwa, hilo alilijua. Alitaka tu kuona uso wa mnunuzi mmoja, mmoja tu, aliyemshinda baba yake.

Alisimama mbele ya lile duka kwa saa mbili. Watu waliingia kubadilisha betri na kupunguza mikanda. Hakuna aliyegusa mkanda mwekundu. Mwishowe mwenye duka, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alimwita kutoka mlangoni.

"Mwanangu, utaota mizizi hapo! Ile uliyochukua imeharibika?"

"Hapana, mama. Nataka kujua tu. Ni watu gani wanaozinunua?"

"Wewe acha! Hii saa ina bahati yake. Watengenezaji wenyewe walitaka kuiacha mwezi ule wa kwanza, kila mahali imewadodea. Mimi ndiye niliyewazuia. Nikawaambia, mbona kwangu haimalizi wiki?" Alicheka, akavuta kisanduku kutoka chini ya kaunta. "Wateja wake wote wamo humu. Kila anayenunua hujaza kadi ya waranti, jina na anwani. Mimi sizisomi, nazifunga tu mpira. Soma mwenyewe, macho yangu yamechoka. Ijumaa naletewa dazeni tano."

Fundi akafungua mpira. Alisoma kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akazipekua zote kwa haraka. Miandiko ilikuwa ya watu mbalimbali. Sanduku la posta lilikuwa moja tu, la kiwanda chao, na kadi ya kumi na tisa ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe.